Ala ya mkasi wa zabibu: rangi, maji na upepo wa Dodoma

Wateja wangu wengi wa ala, yaani mifuko ya ngozi ya kuchomekea vifaa au silaha, si walinzi wala wawindaji, kama wanavyodhani watu wapitao karakanani, bali ni wakulima wa zabibu. Hapa Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na baada ya mavuno mizabibu hupogolewa, kazi inayomlazimu mkulima kushinda na mkasi mkononi, auweke chini afunge tawi kwenye waya, kisha aanze kuutafuta tena. Mkasi wa kupogolea ukitiwa mfukoni hutoboa suruali, na ukiwekwa mchangani makali hupungua na springi yake hukwama. Ala ya ngozi iliyoumbwa kwa umbo la mkasi wenyewe, inayoning'inia mkandani na kuushika mkasi bila kishikizo chochote, huondoa usumbufu huo. Ninataka kueleza jinsi ala ya aina hiyo inavyotiwa rangi na jinsi inavyoumbwa ngozi ikiwa na maji, kwa sababu vijana wengi wanaojifunza kazi hii huweka nguvu zao zote katika kushona na kupamba, ilhali kwa hali ya hewa ya kwetu kinachoiharibu ala au kuitengeneza ni maji: ni maji gani yametumika, yameingia kiasi gani, na yametoka kwa kasi gani.

Jambo la kwanza ni ngozi yenyewe, kwa maana si kila ngozi hukubali kuumbwa. Ngozi iliyosindikwa kwa tanini, yaani dawa ya kusindikia itokayo katika magamba ya miti, kama dondoo la miwati inayopandwa kule Njombe, ikilowa nyuzi zake hulegea na kuteleza kidogo zenyewe kwa zenyewe, na ikikauka nyuzi hizo hushikana katika mkao mpya zilimowekwa. Ngozi iliyosindikwa kwa kromu, yaani chumvi za madini, ambayo ndiyo imejaa madukani kwa ajili ya mikoba na viatu laini, hulowa na kukauka bila kubadilika, na hata ukiibana usiku kucha asubuhi itakuwa imerudi ilivyokuwa. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba ngozi yake ni ya magamba ya miti. Usibishane naye, omba kipande cha pembeni tu. Kitazame kwenye mkato: ngozi ya magamba huwa ya hudhurungi tangu juu hadi chini, ilhali ile ya kromu, ikiwa haijatiwa rangi hadi ndani, mara nyingi huonyesha mstari wa kijivu au wa samawati katikati. Tone la maji hunyonywa upesi na ngozi ya magamba, na mahali hapo huwa peusi zaidi. Ukiwa bado na shaka, choma uzi mwembamba wa kipande hicho. Majivu yenye rangi ya kijani ni ya kromu.

Ngozi za ng'ombe wetu wa asili ni ndogo na nyembamba kuliko za ng'ombe wa kigeni, na kwa ala ya mkasi ninahitaji unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo huchukua sehemu ya mgongo hadi matakoni peke yake. Ngozi ya tumboni huvutika ovyo na haishiki umbo. Zaidi ya unene, ngozi za huku hubeba historia yote ya mnyama: alama za moto za mwenye mifugo, makovu ya kupe, mikwaruzo ya miiba ya migunga, na upande wa nyama mikato ya kisu cha mchunaji aliyekuwa na haraka. Mikato ya kisu ikiwa na kina, tupa sehemu hiyo, kwa kuwa ngozi iliyolowa na kuvutwa itapasuka papo hapo. Makovu ya kupe hayana madhara katika uimara, lakini hunyonya rangi tofauti na ngozi iliyoyazunguka, na hapo ndipo uchaguzi wa rangi unapoanza kuwa hesabu badala ya kuwa mapenzi ya mtu. Rangi nyeusi na hudhurungi iliyokolea huficha makovu. Nyekundu na ya asali huyatangaza.

Mzee mmoja wa Hombolo aliniambia, "Fundi, mimi nataka nyekundu kabisa, nikiuvua mkanda na kuutundika kwenye nguzo niuone kutoka mwisho wa shamba." Nilimjibu, "Sawa mzee wangu, lakini nyekundu itapauka kwa jua kabla ya nyeusi." Akanitazama na kusema kwamba hata yeye mwenyewe amepauka kwa jua lilelile na bado anafanya kazi. Alipewa nyekundu.

Kukata na kushona sitakueleza kwa urefu, kwa kuwa fundi viatu yeyote anajua. Vipande ni viwili, wa mbele na wa nyuma, na wa mbele hukatwa kwa upana zaidi kwa sababu ndio utakaobeba umbo la mkasi. Katikati ya kingo zake huwekwa kipande cha tatu, ukanda mwembamba unaofuata mshono, ili makali yasifike kwenye uzi na kuukata. Matundu hutobolewa kwa msharasi, uzi wa nailoni hupakwa nta, na mshono ni ule wa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, kwa maana mshono wa cherehani uzi ukikatika mahali pamoja huachia wote.

Suala linalobishaniwa na mafundi ni kama rangi itangulie kuumba au ifuate. Wanaotaka ifuate wana hoja yao: ngozi iliyotiwa rangi ikilowa na kusuguliwa kwa mfupa, rangi huvuka kwenye mfupa, vidoleni na mezani. Wanaotaka itangulie wana hoja nzito zaidi, nami niko upande wao. Ngozi inapoumbwa, mahali palipobonyezwa nyuzi hubanana, na mahali palipobanana rangi haiingii vizuri. Ukipaka baada ya kuumba utapata ala yenye mabaka meupe kwenye mikunjo yote, ambako ndiko brashi nako haifiki. Kwa hiyo mimi hutia rangi vipande vikiwa bapa mezani, kabla ya gundi na uzi, nikiacha ukanda wa pembeni upande wa nyama bila rangi ili gundi ishike. Ala ikishaumbwa na kukauka, hupitisha mkono mmoja mwepesi wa rangi ileile kusawazisha palipokwaruzika.

Rangi za dukani ziko za namna mbili kuu, za spiriti na za maji. Ya spiriti hupenya haraka na haitoki kirahisi ngozi inapotiwa maji baadaye, jambo ambalo kwa kazi ya kuumba ni la lazima, lakini kwa hewa kavu ya Dodoma spiriti huruka kabla hujamaliza kupaka, ndiyo maana unaona ngozi zenye michirizi inayofuata njia ya kitambaa. Dawa yake ni kuipangusa ngozi kwanza kwa sponji yenye unyevu kidogo, kuizimua rangi kwa spiriti zaidi, na kupaka mikono miwili au mitatu myepesi, wa kwanza kwa mzunguko, unaofuata kwa urefu. Usipake mkono mmoja mzito. Rangi iliyozidi hukaa juu kama vumbi na kuhamia kwenye suruali ya mteja, na hakuna mteja anayesahau suruali yake. Kila mkono ukikauka, sugua kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kibaki cheupe, hata kama itachukua muda mrefu kuliko kupaka kwenyewe.

Nyeusi nina njia ninayoipenda kuliko ya dukani, na haitumii rangi hata kidogo. Chukua stiliwaya ya kusugulia sufuria isiyo na sabuni, ioshe kwa spiriti iondoke mafuta, iache ikauke, kisha ichane na kuitumbukiza katika lita moja ya siki nyeupe. Mfuniko usikazwe, kwa sababu chuma na siki vikikutana hutoa gesi na chupa iliyofungwa itapasuka. Baada ya wiki moja au mbili, viputo vikishakwisha, chuja kwa kitambaa. Maji hayo hayana weusi wowote unaoonekana, lakini ukiyapaka kwenye ngozi ya magamba ya miti, chuma kilichomo hukutana na tanini na ngozi huanza kuwa ya kijivu, kisha kijivu kinakolea mbele ya macho yako hadi kuwa nyeusi tititi ndani ya dakika chache. Weusi huo umeumbika ndani ya nyuzi, hauvuki kwenye nguo wala haupauki kwa jua. Kama ngozi ina tanini haba na weusi unakwamia kwenye kijivu, ipake kwanza chai ya rangi iliyokolea sana, isiyo na sukari, iache inyonye, kisha rudia. Kipimo hiki pia hukufichulia ngozi ya kromu iliyouzwa kwa jina jingine, kwa kuwa yenyewe haibadiliki.

Siki iliyobaki ndani lazima iondolewe makali yake. Kijiko kimoja cha magadi ya kuokea katika lita moja ya maji kinatosha. Sponji moja ya maji hayo, kisha maji safi mengi. Ukizidisha magadi utaiumiza ngozi zaidi ya siki, na ukizidisha chuma tangu mwanzo ngozi itakuja kukauka na kuvunjika baada ya miaka. Faida ya njia hii ni kwamba suuza ya mwisho inaweza kuwa ndiyo maji ya kuumbia, maana ukishashona vipande ungali una ngozi yenye unyevu wa ndani, nawe huilowesha tena kidogo tu.

Sasa maji yenyewe. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na anayeyatumia kwa kuumba ngozi atayaona tena siku ya pili, kwa sababu unyevu unapotoka huvuta chumvi hadi juu ya ngozi na kuiacha kama utandu mweupe ambao mafuta hayaufuti. Maji yenye chuma ni mabaya zaidi kwa ngozi ya rangi ya asali, kwani chuma kile kile kinachotupa nyeusi nzuri hutupa madoa meusi tusiyoyaomba. Kwa sababu hiyo hiyo ngozi iliyolowa isiguse nyundo, koleo wala meza ya bati. Mimi hukinga maji ya mvua katika miezi yake na kuyatunza kwa kazi hii peke yake. Mvua yetu ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka haitoshi mambo mengi, lakini kwa ala inatosha. Yakiisha hununua maji ya kunywa.

Maji yawe ya uvuguvugu ambao mkono unauvumilia bila kusita. Ngozi iliyolowa hunywea na kuwa ngumu kama pembe kwa joto ambalo ikiwa kavu isingelijali, kwa hiyo yeyote anayekwambia utumie maji ya moto ili ngozi ilainike upesi anakupoteza. Ala iliyoshonwa hutumbukizwa, viputo hutoka, na vikikoma kutoka huitoa mara moja, kwa sababu ngozi iliyolowa chepechepe haishiki alama. Utaibonyeza na itajaa tena. Inatakiwa ipumzike mpaka unyevu usambae sawasawa ndani na kupungua nje. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019 mimi hutumia ndoo yenye mfuniko, nikiiacha humo saa moja au mbili.

Vitabu na mafundi wa nchi zenye unyevu husema kwamba ngozi iko tayari pale inapoanza kurudia rangi yake ya awali. Kwa ngozi isiyotiwa rangi ni kweli, lakini sisi tumekwisha kuitia rangi, na ngozi nyeusi haikuambii chochote kwa macho. Iweke shavuni. Ikiwa ya baridi lakini haiachi maji, na ukiikunja haitoi ute wa maji kwenye mkunjo, iko tayari. Bonyeza kwa ncha ya kidole mahali pasipoonekana: kama shimo linabaki na kingo zake ni laini, anza kazi, kama linajaa polepole, subiri, kama kidole hakiachi kitu, umechelewa, irudishie maji kwa sponji.

Mkasi hufungwa vizuri kwa nailoni ya kufunikia vyakula, tabaka mbili au tatu, kwa sababu mbili: usipate kutu, na tabaka hizo huacha nafasi ndogo ili mkasi utoke bila kung'ang'ania. Springi yake ifungwe ikiwa imebanwa, namna mkulima atakavyouchomeka. Ukishausukuma ndani, anza na viganja, ukibana kutoka katikati kwenda pembeni, usiparamie kingo. Kisha tumia vidole gumba kufuata mabega ya mkasi, pale makali yanapokutana na mikono, na hapo ndipo ala itakapoushikia. Kucha zikatwe kabla, kwa sababu alama ya ukucha kwenye ngozi yenye unyevu haifutiki. Baada ya vidole hufuata mfupa: ubavu wa ng'ombe uliosuguliwa kwa msasa hadi kuteleza, wenye ncha ya mviringo upande mmoja na bapa upande wa pili. Mfupa hupitishwa kwa mkono mwepesi mara nyingi badala ya mara moja kwa nguvu. Skrubu ya katikati ya mkasi ionekane kama uvimbe mdogo, mstari wa mikono uonekane, basi. Kuna mafundi wanaofuata kila kona mpaka ala inaonekana kana kwamba mkasi umevikwa ngozi ya pili, na picha zake hupendeza sana mtandaoni, lakini mkulima aliyevaa glavu anashindwa kuutoa.

Yote hayo huchukua muda mfupi. Kukausha ndiko kunakotaka subira, hasa kati ya Juni na Agosti, upepo mkavu unapovuma mchana kutwa. Ngozi ikianikwa kwenye upepo huo, ganda la juu hukauka ndani ya saa chache ilhali moyo wake bado una maji. Ganda linanywea, moyo hauwezi kulifuata, na matokeo yake ni nyufa ndogo kwenye mikunjo na mdomo wa ala unaopinda nje. Unyevu unaokimbilia juu kwa kasi huvuta pia rangi, ndiyo maana utaona kingo zimekuwa nyeusi kuliko tumbo la ala. Watu wa pwani hawana tatizo hili, wana la kuvu. Sisi tunapaswa kuupunguza mwendo: ala ikishika umbo, mkasi hutolewa ili ndani napo papumue, mdomo hukingwa kwa kipande cha mbao usijifunge, kisha ala huwekwa ndani ya boksi la karatasi pamoja na kitambaa chenye unyevu, katika chumba kisicho na dirisha wazi. Kesho yake kitambaa huondolewa, na boksi huachwa wazi siku nyingine. Katika Januari na Februari, mvua ikiwapo, kitambaa hakihitajiki kabisa. Juu ya bati saa sita mchana usiweke ala kamwe, hata kama mteja amesimama mlangoni na nauli mkononi.

Walionifuata kwa ala za bastola ni wachache, nami huwaambia masharti mapema. Silaha haiachwi karakanani. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na kibali chake na ailinde, na ngozi inayotaka siku mbili za kukaa na kalibu, yaani mfano wa silaha unaoumbiwa ngozi, si sababu ya kuitoa mikononi mwake. Kalibu ya mbao iliyochongwa kwa vipimo sahihi, au ya plastiki ngumu, hufanya kazi vizuri na haishiki kutu. Tofauti na mkasi ni kwamba kifyatulio lazima kifunikwe chote na ngozi ngumu, na hapo ngozi isibonyezwe ndani sana, kwani uvimbe unaoingia penye kifyatulio ni hatari. Juu ya mtutu huwekwa kijiti chembamba cha mbao wakati wa kuumba ili shabaha ya mbele, ile nundu ndogo ya kulengea, ipate njia na isikwaruze ngozi kila itolewapo. Mdomo uimarishwe kwa ukanda wa pili, ubaki wazi silaha inapotolewa, ili mtu airudishe kwa mkono mmoja bila kuhangaika. Naye asiihifadhi silaha ndani ya ala kwa miezi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu na tanini yake hula chuma.

Ala ya sime ni kazi nyingine kabisa, na sipendi ichanganywe na hii. Bapa la sime hupanuka karibu na ncha, kwa hiyo ala iliyoumbwa kulifuata lingeingia na lisitoke tena. Ndiyo sababu za jadi hutengenezwa kwa mbao mbili nyembamba, ngozi ikavalishwa juu yake na kupakwa rangi nyekundu.

Ala ikikauka kabisa, yaani ikilia ukiigonga kwa kidole, hupakwa mafuta kidogo sana ya kwato za ng'ombe kurudisha ulaini ambao siki au spiriti imeuchukua. Mkono mmoja tu. Mafuta mengi huilegeza ngozi na kazi yote ya kuumba inapotea. Baada ya siku moja hufuata nta ya nyuki, ambayo kwetu haina shida kupatikana kwa kuwa Manyoni na Kondoa wanafuga nyuki, ikayeyushwa na mafuta kidogo na kusuguliwa kwa kitambaa chenye joto la mkono. Kingo husuguliwa kwa msasa, hutiwa rangi, hulowanishwa kwa mate au maji, kisha husuguliwa kwa kijiti cha mpingo mpaka zing'ae.

Mwambie mteja alete ala ndani ya wiki za kwanza kama inambana au imelegea. Katika muda huo nta bado ni nyepesi, na sponji ya maji ya uvuguvugu upande wa ndani hutosha kuilainisha na kuiumba upya mkasi ukiwa umefungwa nailoni. Akishaipaka nta mwenyewe mara kwa mara, maji hayapenyi tena, na ala iliyolegea hapo itabidi ifumuliwe mshono wa upande mmoja na kuongezwa ukanda wa ngozi ndani.